Uwanja Ambao Hakuna Aliyeutaja

Bibi Burul alikuwa na kiti chake dirishani, na hakuna aliyethubutu kukikalia. Kilikuwa kiti cha mbao chenye mto mwekundu. Kila asubuhi Zuurakan, mke wa mwanawe, alimshika mkono, akamketisha hapo na kumfunika magoti kwa shali. Kisha alimletea mkate na chai ya maziwa.

Kutoka ghorofa ya juu, Bibi Burul aliona kila aliyepita. Alijua nani katoka, nani karudi, na nani kavaa koti jipya.

"Zuura, yule wa namba saba katoka tena bila kofia. Ataugua, halafu atasingizia maji ya bomba."

"Kunywa chai, mama. Itapoa."

"Si nakunywa? Macho yanatazama, mdomo unakunywa. Kila kimoja kina kazi yake."

Ndivyo walivyoishi wanawake hao wawili, katika vyumba viwili, kwenye mji wa milimani wa Naryn. Ulukman, mume wa Zuurakan, alikuwa Urusi akifanya kazi ya ujenzi. Alipiga simu kila Jumapili. Zuurakan mwenyewe alikuwa mpishi wa shule ya chekechea. Wawili hao walikuwa wameishi pamoja miaka ishirini na sita. Waligombana kwa sababu ya chumvi, wakapatana kwa chai.

Jengo lao lilikuwa na nyumba kumi na mbili, nne kila ghorofa. Kila familia ilimiliki nyumba yake, na kila familia ilikuwa na hati yake kabatini. Lakini ngazi je? Paa je? Uwanja wa mbele je? Ukiuliza, mmoja alisema ni vya serikali. Mwingine alisema ni vya wote. Wa tatu alisema si vya mtu yeyote, kisha akaenda zake.

Basi, mwezi wa Machi, mzee Satar wa ghorofa ya kati alifariki.

Kwa watu wa Naryn, mtu mzima akifariki, hupigwa hema mbele ya nyumba yake. Ni hema la mviringo la sufu nzito ya kondoo. Marehemu hulazwa humo. Wanawake humlilia ndani, na wanaume husimama nje kuwapokea waombolezaji. Hata kama mtu ameishi ghorofani maisha yake yote, huagwa kutoka kwenye hema.

Zamani hema lilipigwa uwanjani, mbele ya jengo. Lakini sasa uwanja ulikuwa na ua wa chuma. Miaka mitatu nyuma, bwana mmoja aitwaye Sheraly alinunua nyumba ya chini. Akauzungushia uwanja ua, akapanda viazi, akapanda na miche saba ya matofaa. Hapakubaki nafasi hata ya kutandika mkeka.

Hema la mzee Satar likapigwa ng'ambo ya barabara, kando ya fundi wa matairi. Jamani, ilikuwa aibu! Waombolezaji walipotea njia. Kundi moja kutoka kijijini lilifika kwenye jengo la jirani, likaanza kulia kwa nguvu zote. Bibi mmoja wa pale akatoka mbio na mwiko mkononi, akiuliza ni nani wake aliyekufa.

Bibi Burul aliyaona yote kutoka dirishani. Hakucheka. Kuanzia siku hiyo, chai yake ilianza kurudi jikoni ikiwa nusu.

Siku moja, baada ya chakula cha mchana, alisema, "Zuura, mimi nitapigiwa hema wapi?"

"Mama! Usiseme maneno hayo!"

"Nimeuliza wapi. Sijauliza lini."

Zuurakan aliweka kitambaa cha vyombo mezani.

"Miaka kumi na tisa iliyopita, mzee wangu Kasym aliagwa pale," alisema Bibi Burul, akionyesha kwa kidole. "Pale penye viazi. Nilikaa naye ndani ya hema siku mbili, nikamwambia yote niliyokuwa sijamwambia. Nataka nami niagwe hapo hapo. Sitaki kuagwa kando ya matairi. Ni hilo tu, mwanangu. Si jambo kubwa."

Zuurakan alimpenda mama huyu. Alipoletwa nyumbani hapa kama bibi harusi, hakujua hata kukanda unga wa tambi. Siku ya kwanza aliharibu donge zima. Bibi Burul alilificha chini ya sinia, akawaambia wageni kwamba unga umeisha dukani. Mpaka leo hakuna aliyejua siri hiyo isipokuwa wao wawili.

"Nitaongea na Sheraly," alisema Zuurakan. "Nakuahidi."

Kesho yake aliteremka. Sheraly alikuwa ndani ya ua wake, ameshika jembe. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, fundi wa kuchomelea vyuma.

"Salaam aleikum, kaka Sheraly."

"Aleikum salaam, dada Zuura! Bibi hajambo?"

"Hajambo. Anakutazama."

Sheraly aliinua uso, akampungia mkono Bibi Burul. Bibi naye akampungia.

Zuurakan alifungua mdomo, na maneno yakagoma. Angesema nini? Kwa watu wao, ni mwiko kutaja mahali pa hema wakati mwenye hema bado anapumua. Ni kama kukiita kifo kwa jina. Ukilisema neno lile, wenzako watalaani mdomo wako, na mtu akiugua watakukumbuka wewe.

"Nimekuja… kuhusu huu uwanja," alisema.

"Huu? Una nini?"

"Hapa… penye viazi."

"Aa, viazi! Mbona unazunguka, dada? Nina vya msimu uliopita, vimejaa chumba cha chini. Ngoja!"

Alirudi na ndoo imejaa pomoni. Zuurakan alisema asante mara tatu. Akapanda ngazi, uso umemwiva kwa aibu.

Bibi Burul alitazama ndoo. "Nimekutuma uwanja, umeniletea viazi?"

"Mama, nimeshindwa. Mdomo ulikataa."

"Najua. Hata wangu ungekataa." Bibi alivuta pumzi. "Haya, leta kisu. Tuvimenye."

Kesho yake Zuurakan alitia chumvi mara mbili kwenye uji wa watoto. Watoto waliutema. Alikuwa amesimama jikoni, akifuta machozi kwa aproni, alipoingia Saltanat. Huyu alikuwa mama wa mtoto mmoja wa pale. Alifanya kazi katika ofisi ya msaada wa sheria, ile inayohudumia watu bure.

"Dada Zuura, uji tu ndio unaokuliza?"

Zuurakan akamweleza. Kwa Saltanat mdomo haukugoma, maana hakuwa mtu wa jengo lao. Alisema kuhusu hema, kuhusu mzee Satar, kuhusu ndoo ya viazi. Saltanat alisikiliza mpaka mwisho.

"Hati ya nyumba iko kwa jina la nani?"

"La mama."

"Jumamosi nitakuja. Iwekeni mezani."

Jumamosi Saltanat alifika. Bibi Burul alikuwa amevaa kitambaa cheupe cha kichwani, kile cha sikukuu. Hati ililala mezani, imekunjwa mara nne.

"Nisomee, dada Zuura," alisema Saltanat.

"Nyumba namba kumi na moja. Mita arobaini na tatu. Mmiliki…"

"Na hapo chini?"

Zuurakan hakuwahi kusoma hapo chini. Alisoma polepole: "Pamoja na hisa katika mali ya pamoja ya jengo."

"Ndiyo hayo," alisema Saltanat. "Vyumba hivi ni vyako peke yako, bibi. Lakini kuna vitu ambavyo havigawanyiki. Kuta zinazobeba jengo, paa, ngazi, mabomba makubwa, chumba cha chini, na ardhi ya jengo. Hivyo ndivyo vinavyoitwa mali ya pamoja. Kila mwenye nyumba ana hisa humo. Hakuna anayeweza kukata kipande akasema hiki changu."

"Na paa likivuja?" aliuliza Bibi Burul.

"La wote. Hata wa chini anapaswa kuchangia kulitengeneza."

"He! Miaka sita naweka ndoo peke yangu, nikidhani mvua ni yangu mimi!"

Walicheka wote watatu. Ilikuwa mara ya kwanza Bibi Burul kucheka tangu Machi. Zuurakan alimtazama, akafurahi sana moyoni.

"Uwanja je?" aliuliza Zuurakan. "Umo?"

Saltanat alitoa karatasi kwenye mkoba wake. Ilikuwa ramani ya jengo, ameichukua kwenye ofisi ya ardhi. Mstari mwekundu ulilizunguka jengo pamoja na uwanja wa mbele.

"Umo. Si wa serikali, na wala si wa Sheraly. Ni wenu kumi na wawili."

Bibi Burul alipiga goti lake. "Si tuliafikiana! Mwaka tuliohamia, wanaume walisimama pale chini. Wakasema, hapa pasiguswe, pabaki wazi. Wakapeana mikono."

"Walikuwa wangapi, bibi?"

"Kumi na wawili."

"Wako wapi leo?"

Bibi alianza kuhesabu kwa vidole. Huyu kafariki. Huyu kauza, kahamia mji mkuu, Bishkek. Huyu kafariki. Huyu yuko Urusi kwa mwanawe. Alipofika kidole cha mwisho aliurudisha mkono magotini.

"Wameondoka wote," alisema. "Nimebaki mimi, na mimi nilikuwa nikitazama tu."

Saltanat alimshika mkono. "Mliafikiana vizuri, bibi. Ila hamkuandika. Sheraly aliponunua, hapakuwa na karatasi ya kumwonyesha. Mnahitaji mkataba wa wamiliki wa jengo. Unasema kipi ni cha pamoja, kinatumikaje, nani anakitunza, na mnaamuaje mambo. Ukisajiliwa, unamfunga kila mmoja. Hata atakayenunua nyumba kesho, anaukuta."

"Tumshtaki Sheraly?" aliuliza Zuurakan kwa sauti ndogo. Alikumbuka viazi.

"Mahakama ipo, haikimbii. Kwanza mkae kikao. Huyu ni jirani, mtakutana naye ngazini kila siku."

Kisha akaeleza namna ya kuitisha kikao. Tangazo liandikwe na kubandikwa mlangoni, siku kumi kabla. Liseme saa, mahali, na jambo litakalozungumzwa, ili asiwepo wa kusema amevamiwa. Walio mbali wapelekewe habari, na asiyeweza kuja aandike hati ya kumpa mtu mwingine sauti yake. Kwa jambo la ardhi, alisema, lazima theluthi mbili ya wamiliki wakubali. Kwao ilikuwa nyumba nane. Na kila neno liingie kwenye muhtasari, watu watie saini.

"Na bibi asisumbuke," alimaliza Saltanat. "Anaweza kumpa Zuurakan hati ya uwakilishi."

"Sauti yangu nimpe mtu ya nini?" alisema Bibi Burul. "Mdomo bado ninao. Miguu ndiyo imechoka. Nibebeni."

Zuurakan aliandika tangazo mwenyewe, kwa mwandiko wake wa duara. Alipofika kwenye neno la hema, kalamu ilisimama. Akaandika tu: matumizi ya uwanja. Akalibandika mlangoni, akakimbilia kazini.

Jioni alikutana na Sheraly ngazini. Leo hakuwa mcheshi.

"Dada Zuura. Viazi vyangu umekula, sasa unaniitia kikao?"

"Kaka, si kwa ubaya…"

"Mimi nilinunua nyumba na uwanja wake! Aliyeniuzia aliniambia mwenyewe, uwanja unakuja na nyumba."

"Basi njoo na hati yako, kaka. Tafadhali."

"Nitakuja nayo! Mtaona!"

Alibamiza mlango. Zuurakan alibaki amesimama kwenye giza la ngazi, akijiona mwizi. Alitamani kulibandua lile tangazo. Lakini alimfikiria mama dirishani, na chai iliyobaki nusu. Akapanda nyumbani.

Siku ya kikao ilikuwa Jumapili mchana. Hapakuwa na nyumba ya kuwatosha wote, hivyo walikaa ngazini. "Vizuri," alisema Saltanat. "Mmekalia mali yenu ya kwanza." Kila mtu alikuja na mto wake. Wamiliki tisa walikuja wenyewe. Watatu walikuwa Urusi, na wawili kati yao walituma hati za uwakilishi. Majirani wawili walimteremsha Bibi Burul akiwa kwenye kiti chake, mpaka katikati ya ngazi.

"Msinitikise. Mimi si gunia la unga," alisema. Akaketi pale juu ya mto wake mwekundu, akaona watu wote.

Sheraly alisimama chini, mgongo mlangoni. Alishika hati yake.

"Isome tu, kaka," alisema Saltanat kwa upole. "Yote, mpaka chini."

Alisoma kwa sauti kubwa. Namba ya nyumba. Mita. Jina lake. Kisha sauti ikapungua. "Pamoja na hisa katika mali ya pamoja ya jengo." Aligeuza karatasi, akatafuta nyuma. Nyuma palikuwa patupu. Masikio yake yakawa mekundu.

"Uwanja haumo," alisema.

"Haumo," alisema Saltanat. "Aliyekuuzia alikuuzia kitu ambacho hakikuwa chake. Hatua ya kwanza kabla ya kununua ni kusoma hati na ramani. Lakini hukuwa na wa kukuambia."

"Sikuwa naye!" Sheraly aliinua kichwa ghafla. "Sawa, nimedanganywa. Mimi ni mtu wa kijijini, kwetu kila nyumba ina uwanja wake. Lakini ninyi je? Nilichimba mashimo ya nguzo siku nne. Wote mlinipita. Mlinisalimia, mkaniuliza hali ya watoto. Hakuna hata mmoja aliyesema, Sheraly, acha! Tena kuna mtu aliniteremshia mkate wa moto. Nikamwambia mke wangu, hawa ni majirani wema, wametupokea."

Watu walitazama viatu vyao.

"Mkate ule ulikuwa wangu," alisema Bibi Burul.

Sheraly alimtazama.

"Nilikuona unachimba, mwanangu. Nilikuwa dirishani. Nilijua unachimba pabaya. Nilitaka kumtuma Zuura akuambie, nikaogopa. Nikamtuma na mkate." Bibi alielekeza kidole mlango wa uwanjani. "Pale ni mahali pa hema. Hema la mwisho. Mume wangu Kasym aliagwa pale. Kila aliyefariki humu aliagwa pale."

Mwanamke mmoja alinong'ona, "Bibi, usitaje."

"Nitataja! Sisi tulinyamaza ili kifo kisije kikatusikia. Kilitusikia tu. Satar hakutajwa, na alikwenda. Na mimi kipo mlangoni pangu, viatu kimeshavua, kinangoja kukaribishwa chai. Nikimwogopa huyo mgeni, mtaniaga kando ya matairi." Akamgeukia Sheraly. "Kosa ni letu, mwanangu. Ungepataje kujua jambo ambalo hakuna aliyekuambia? Nisamehe."

Batma, mjane wa mzee Satar, alianza kulia. Sheraly alimtazama, kisha akatazama mlango wa uwanjani.

"Siku ya mzee Satar nilibeba maji ya chai mpaka ng'ambo ya barabara," alisema. "Nilidhani wenyewe mmependa kule." Alijifuta uso kwa kiganja. "Laiti ningejua, ningeung'oa ua kwa meno."

"Kwa meno using'oe," alisema Bibi Burul. "Utakulaje mkate wangu?"

Mtu mmoja alicheka, kisha wote. Zuurakan alicheka huku akilia.

Baada ya hapo kazi ilikwenda. Saltanat alikuwa na rasimu ya mkataba, akaisoma kipengele kwa kipengele, na kila kimoja walikijadili. Paa litengenezwe na wote. Ngazi zifagiliwe kwa zamu. Anayetaka kubomoa ukuta au kukata bomba, aombe kwanza. Wa namba saba alibishia zamu ya kufagia mpaka mkewe akamfinya. Kisha wakafika kwenye uwanja.

"Tuandikeje?" aliuliza Saltanat. "Uwanja wa nini?"

Hata sasa neno lilikuwa zito.

"Andika, wa hema la furaha na la huzuni," alisema Zuurakan. Alishangaa kusikia sauti yake mwenyewe.

"Vizuri," alisema Bibi Burul. "Ila furaha itangulie."

Ikaandikwa hivi: Uwanja wa mbele ni wa wamiliki wote. Hakuna anayeruhusiwa kuuzungushia ua, kuujenga au kuuuza. Utabaki wazi kwa hema la familia yoyote ya jengo, kwa furaha na kwa huzuni. Familia ikihitaji, wengine wataondoa magari na vitu vyao mara moja.

Hawakumsahau Sheraly. Waliandika kwamba atavuna viazi vyake kwanza. Miche ya matofaa itahamishiwa kando ya ukuta, naye atakuwa mtunzaji wake, na matofaa yatakuwa ya watoto wote wa jengo.

"Na chuma cha ua?" aliuliza mmoja.

Sheraly alitazama ngazi. Zilikuwa hazina pa kushika. Vyuma vya kushikilia viliibwa miaka mingi iliyopita, na wazee walipanda wakipapasa ukuta.

"Viazi vikishatoka, nipeni wiki mbili," alisema. "Nitavichomelea hapa, kutoka chini mpaka kwa bibi."

Ikapigwa kura. Mikono kumi iliinuka, mmoja baada ya mwingine, pamoja na ya wawakilishi wawili. Wa kumi na moja ulikuwa wa Sheraly, na uliinuka juu kuliko yote. Kisha saini. Bibi Burul alishika kalamu kwa muda mrefu. Aliandika jina lake lote, herufi moja moja, na hakuna aliyemharakisha.

Zuurakan ndiye aliyepeleka mkataba na muhtasari kwenye ofisi ya usajili. Alikwenda akiwa amevaa koti lake zuri. Nakala moja ikabandikwa mlangoni, ndani ya kioo. Nyingine Bibi Burul aliiweka chini ya mto wake mwekundu.

Septemba viazi vilivunwa, na ua ukang'olewa. Wiki mbili baadaye Bibi Burul aliinuka kwenye kiti chake. Alishika chuma kipya cha ngazi, akashuka mwenyewe, hatua moja moja, Zuurakan nyuma yake. Ilikuwa miaka miwili hajakanyaga ardhi kwa miguu yake. Alisimama katikati ya uwanja, akatazama dirisha lake huko juu.

"Kumbe ni dogo hivi," alisema. "Na mambo yote yale niliyoyaona!"

Oktoba mke wa Sheraly alijifungua mtoto wa kike. Hema la kwanza baada ya mkataba likawa la mtoto huyo. Lilipigwa pale pale. Vimandazi vilikaangwa masufuria matatu, na harufu ilipanda mpaka ghorofa ya juu. Bibi Burul alikaa mahali pa heshima, mkabala na mlango. Yeye ndiye aliyemlaza mtoto kwenye susu yake ya mbao, kitanda kidogo cha kubembezea. Alimfunga kamba za susu, akambusu paji la uso.

Alibaki ndani ya hema hata wageni walipoondoka. Zuurakan alikuja kumchukua.

"Twende, mama. Baridi."

"Ngoja kidogo. Namsalimia mzee wangu."

Zuurakan aliketi kando yake, akaegemeza kichwa begani pake. Kupitia tundu la juu ya hema waliona mbingu nyeupe ya Naryn.

Bibi Burul alifariki mwezi wa Februari, asubuhi, chai yake ikiwa imekwisha yote kikombeni. Zuurakan alimfumba macho. Alilia mpaka sauti ikakauka. Kisha akakumbuka kwamba kuna mambo ya kufanya. Theluji ilikuwa imeanguka kwa wingi, na Ulukman alikuwa bado njiani kutoka Urusi. Nani amwambie nini? Aanzie wapi?

Alikwenda dirishani. Chini, uwanjani, Sheraly alikuwa ameshafagia theluji. Alifagia duara kubwa, safi, mpaka udongo ukaonekana. Magari yote yalikuwa yameondolewa. Wanaume wa jengo walikuwa wakiteremsha sufu na miti ya hema. Hakuna aliyewaita.

Mlango ukabishwa. Mke wa Sheraly alisimama pale, mtoto mgongoni. Mikononi alikuwa na mkate wa moto, umefunikwa kitambaa.

"Wa bibi," alisema. Wakakumbatiana mlangoni, mkate katikati yao.

Mchana kundi la watu wa kijijini kwao Bibi Burul lilifika. Lilitokea barabarani likilia kwa nguvu zote. Mbele ya hema alisimama Sheraly, mahali pa mtoto wa kiume, ameshika fimbo ya mfiwa, akilia, "Mama yangu! Mama yangu!"

Kundi lile halikuuliza njia kwa mtu yeyote. Lilikwenda moja kwa moja mpaka mahali pake.